Kocha Mmoja Si Benchi la Ufundi

Tarehe 1 Juni 2025 taifa letu liliadhimisha sikukuu ya Madaraka mjini Homa Bay, katika uwanja unaoitwa kwa jina la Raila Odinga. Wengi waliotazama sherehe zile waliusifu uwanja, na mgala muue na haki umpe: watu wa kusini mwa Nyanza walikuwa wamesubiri muda mrefu kupata mahali pa hadhi hiyo. Lakini uwanja ni jengo. Mwanakandarasi akilipwa huujenga, akakabidhi ufunguo na kwenda zake. Kocha hapatikani kwa njia hiyo. Ndiyo sababu ningependa leo tuliache jukwaa la wageni mashuhuri, tuifuate barabara inayoelekea Kendu Bay, tuzitazame timu za shule na vyuo vidogo vya huko, kisha tujiulize swali ambalo aghalabu hatuliulizi: pale kando ya uwanja amesimama nani, na amesimama na nani?

Swali hili naanza nalo katika lugha, kwa kuwa huko ndiko kazi yangu ilipo. Waandishi wetu wa habari za michezo wana istilahi nzuri, "benchi la ufundi". Istilahi hiyo hutaja kundi, haimtaji mtu mmoja. Ndani yake mna kocha mkuu, naibu wake, mkufunzi wa makipa, mkufunzi wa mazoezi ya viungo, tabibu, meneja wa timu na mtunza vifaa. Neno "kocha" nalo lina safari ndefu. Wanaisimu hulifuatilia hadi Kocs, kijiji cha Hungary kilichosifika karne ya 15 kwa magari ya kukokotwa na farasi. Jina la gari lile likaenea Ulaya nzima, na katika karne ya 19 wanafunzi wa Oxford wakalitumia kwa utani kumwita mwalimu wa ziada, yule aliyembeba mwanafunzi mpaka akavuka mtihani. Kutoka darasani neno likaingia uwanjani, na kutoka Kiingereza likaingia Kiswahili. Nchini Tanzania wachezaji humwita kocha wao "mwalimu", na katika Dholuo neno "japuonj" linawatosha wote wawili.

Kwa hiyo lugha zetu zinakubaliana kwamba kocha ni mwalimu. Hilo silipingi hata kidogo. Tatizo ni kwamba sisi tumeigeuza kauli hiyo kichwa chini, tukaamua kwamba kila mwalimu ni kocha, tena kocha wa kila mchezo, bila mafunzo, bila msaidizi na bila ujira. Tumelichukua benchi zima tukamketisha mtu mmoja, halafu timu inaposhindwa tunamuuliza yeye kwa nini imeshindwa.

Mwalimu mmoja wa Kemia niliyepata kuzungumza naye, anayefunza katika shule ndogo ya sehemu hizo, alinieleza kwamba alikabidhiwa timu ya kandanda siku ileile aliyoripoti kazini. Sababu aliyopewa ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa na umri mdogo kuliko wote katika chumba cha walimu. Tangu siku hiyo amekuwa akiandika orodha ya wachezaji, akipiga picha za pasipoti, akikodi matatu, akinunua glukosi, akifunga goti lililoteguka kwa kitambaa, na akituliza mashabiki refa anapopuliza penalti isiyowapendeza. Jumatatu asubuhi anarudi darasani akakute madaftari ya kusahihishwa yakimsubiri mezani. Katika muhula wa kwanza, michezo ya shule inapokuwa ya mpira wa vikapu, magongo na mpira wa mikono, humwona huko. Muhula wa pili, zamu ya kandanda na voliboli inapofika, humwona tena. Mtu huyu hana benchi. Ana kazi ya watu saba.

Kendu Bay ina ugumu wake wa ziada usioonekana katika ratiba zinazochapishwa Nairobi. Misheni ya Waadventista ilifungua kituo chake Gendia mwaka 1906, na hadi leo familia nyingi za Karachuonyo huitukuza Jumamosi kama siku ya mapumziko, kuanzia jua linapotua Ijumaa. Mji huo pia ni makao ya Waislamu wa tangu zamani, ambao adhuhuri ya Ijumaa ni wakati wa msikiti. Jumapili ni ya Wakristo wengine. Kocha anayewaheshimu wachezaji wake wote hubaki na jioni nne za juma, kati ya saa kumi na magharibi, na katika baadhi ya jioni hizo kuna masomo ya ziada. Ratiba ya mechi ikiangukia Jumamosi, yeye ndiye atakayekwenda kuzungumza na wazazi, na yeye ndiye atakayeingia uwanjani bila mlinda lango wake bora. Hekima ya namna hii haifundishwi katika kozi yoyote ya ukocha. Huipata mtu aliyekaa mahali pamoja kwa muda, na hilo nitalirudia hapa chini.

Sasa tutazame kwa wenzetu. Huko Marekani chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kina daraja la tatu ambalo vyuo vyake haviruhusiwi kutoa ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Vingi ni vyuo vidogo. Hata hivyo, timu ya besiboli ya chuo cha aina hiyo kwa kawaida huwa na kocha mkuu na wasaidizi wake, mmoja akiwashughulikia warushaji wa mpira na mwingine wapigaji, na huwapo pia mtaalamu wa kutibu majeraha. Mchezo wenyewe unadai hivyo. Timu inapokuwa na zamu ya kupiga, makocha wawili husimama ndani ya uwanja, mmoja karibu na kituo cha kwanza na mwenzake karibu na kituo cha tatu, wakimwashiria mkimbiaji aendelee au asimame, kwa kuwa yeye mwenyewe anakimbia na mpira umo nyuma yake. Katika ligi ya watoto, ile iitwayo Little League, tangu mwaka 2007 idadi ya mirusho ya mrushaji huhesabiwa. Mtoto wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kurusha zaidi ya mara 85 kwa siku, ili bega na kiwiko chake visiharibike angali mdogo. Nani atahesabu mirusho hiyo ikiwa kocha mkuu anatazama mchezo? Lazima awepo mtu wa pili mwenye kalamu na karatasi.

Msomaji wa Kendu Bay asidhani mfano huu umetoka mbali mno. Barack Obama, ambaye ukoo wa baba yake una asili katika kijiji cha Kanyadhiang karibu na mji huo, alirusha mpira wa kwanza wa msimu wa besiboli jijini Washington mwaka 2010 akiwa amevaa kofia ya White Sox ya Chicago. Tena hatuna haja ya kuvuka bahari. Jirani zetu wa Uganda wameucheza mchezo huo kwa bidii. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilifuzu kwenda katika fainali za dunia za Little League huko Williamsport, Pennsylvania, lakini ikanyimwa viza kwa kuwa hati za umri za baadhi ya wachezaji hazikuafikiana. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ilifika Williamsport, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika fainali hizo, na ikaifunga timu moja ya Oregon kwa mikimbio 3 kwa 2. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male.

Yazingatieni matukio hayo kwa utaratibu wake. Kilichowazuia watoto wa mwaka 2011 kusafiri ni karatasi, wala si udhaifu wa mikono yao. Mtu wa kutunza kumbukumbu, ambaye sisi humwona kama karani tu, ni sehemu ya benchi la ufundi sawa na anayefunza namna ya kupiga mpira. Katika michezo yetu ya shule malalamiko ya umri wa wachezaji husikika karibu kila mwaka. Mwalimu aliye peke yake hana wakati wa kuchunguza cheti cha kuzaliwa cha kila mchezaji, na akishinikizwa alete kombe huenda akaona ni heri asichunguze.

Najua jibu litakalotolewa na baadhi ya wasomaji, na ni jibu zito. Watasema: Je, Bruda Colm O'Connell hakuwa mwalimu tu? Ni kweli. Mmishonari huyo kutoka Ireland aliwasili katika shule ya St. Patrick's, Iten, mwaka 1976 kufunza Jiografia, bila kuwa na mafunzo ya riadha. Katika shule hiyo walipitia Ibrahim Hussein, aliyeshinda mbio za Boston mwaka 1988, 1991 na 1992, na Peter Rono, aliyenyakua dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Baadaye O'Connell alimfunza David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 jijini London mwaka 2012 kwa muda wa dakika 1 na sekunde 40.91. Ikiwa mwalimu mmoja wa Jiografia aliweza hayo, mwalimu wa Kemia wa Kendu Bay analalamikia nini?

Hoja hii ina kasoro tatu. Kwanza, O'Connell hakuanza peke yake. Alimkuta hapo mwalimu Mwingereza, Peter Foster, ndugu yake mkimbiaji Brendan Foster, na kwake akajifunza misingi. Pili, mbio ni mchezo wa mtu binafsi. Mwanariadha mkubwa anaweza kumwongoza mdogo barabarani wakati kocha yuko darasani, ilhali timu ya wachezaji 11 haiwezi kufunzwa mbinu za kujihami kwa njia hiyo. Tatu, na hili ndilo kuu, O'Connell alibaki palepale. Miaka ilipita, vizazi vya wanafunzi vikapita, naye akawa angali Iten akikusanya maarifa. Mwalimu wetu wa kawaida hapewi nafasi hiyo. Sera ya Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, ya kuwapeleka walimu nje ya maeneo yao ya nyumbani, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2018 na ambayo Bunge lilishinikiza ikomeshwe mwaka 2022, ilikuwa na sababu zake. Lakini sijapata kusikia mtu yeyote akiuliza, kabla ya kutia saini barua ya uhamisho, timu ya shule hiyo itabaki na nani. Mwalimu akiondoka, benchi zima huondoka naye, kwa kuwa benchi lilikuwa ni yeye.

Tukichunguza sheria tutaelewa kwa nini hakuna anayeuliza. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, iliikabidhi serikali ya kaunti michezo ya mashinani na viwanja vyake, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za sekondari zikabaki mikononi mwa serikali ya kitaifa, na mwalimu akabaki mwajiriwa wa TSC. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliunda taasisi ya Sports Kenya, Chuo cha Michezo cha Kenya na Hazina ya kitaifa ya michezo. Mashirikisho nayo yana leseni zake. Katika kandanda, kwa mfano, kocha hupanda kutoka leseni D ya CAF hadi C, B na A. Kila mlango una mwenyewe. Lakini kijana wa miaka 16 anayecheza voliboli katika shule ndogo ya Kendu Bay hupita kati ya milango hiyo yote. Kaunti husema yeye ni wa Wizara ya Elimu, Wizara husema michezo ni ya kaunti, shirikisho husema lisajiliwe klabu kwanza, na bodi ya shule husema karo haijalipwa.

Si kwamba hatujui thamani ya benchi kamili. Kabla ya Olimpiki ya Tokyo iliyochezwa mwaka 2021, shirikisho la voliboli duniani lilituletea kocha Luizomar de Moura pamoja na wasaidizi wake kutoka Brazil waifunze timu yetu ya wanawake, Malkia Strikers. Hatukushinda mechi Tokyo, lakini kila aliyeyafuatilia mazoezi yale aliona kazi ya kocha ikigawanywa kwa wataalamu. Tulikubali kwamba mabinti waliokomaa, wenye miaka mingi katika mchezo, wanahitaji watu kadhaa wa kuwafunza. Kwa mantiki gani basi tunaamini kwamba mtoto anayejifunza kuruka kwa mara ya kwanza anatosheka na mtu mmoja?

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi kwa sauti. Timu ya wasichana inaposafiri ikiwa na mtu mzima mmoja tu, tena mwanamume, tumemweka yeye na wasichana wale mahali pabaya. Waraka nambari 3 wa TSC wa mwaka 2010 ulitolewa ili kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kimapenzi, na wengi wa makocha wetu ni watu waadilifu. Walakini uadilifu wa mtu si mpango wa ulinzi. Mlezi wa kike anayesafiri na timu, mwenye mamlaka ya kumwambia kocha hapana, si anasa; ni kiungo cha benchi.

Kwa nini nayaandika haya sasa? Kwa sababu mtaala wa umilisi umebadilisha uzito wa suala lenyewe. Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, michezo ilikuwa kitu cha jioni, na mwanafunzi aliyekosa kocha alikosa kombe tu. Katika sekondari pevu, ambayo Gredi ya 10 ilipangiwa kuianza Januari 2026, Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mojawapo ya njia tatu za masomo. Shule zenye uwezo huruhusiwa kutoa njia zote tatu. Zilizobaki hutoa mbili, yaani ile ya sayansi, teknolojia na hisabati na ile ya sayansi za jamii. Kwa maneno mengine, ni njia ya michezo inayoachwa kwa shule zenye viwanja, vifaa na watu. Mtoto wa Kendu Bay mwenye kipaji, ambaye shule iliyo karibu naye haina watu hao, sasa hakosi kombe. Anakosa somo, na pamoja na somo anakosa mlango wa kazi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Tukiendelea hivi, mcheza kwao atalazimika kuhama kwao ndipo atunzwe.

Nitaambiwa hakuna pesa. Pesa ni chache, nakubali, lakini tusisahau kilichotokea Awendo, katika kaunti jirani ya Migori. SONY Sugar ilitwaa ubingwa wa ligi kuu mwaka 2006 ikiwa chini ya kiwanda cha sukari. Mwaka 2019 ilitolewa katika ligi hiyo baada ya kukosa kufika kwa mechi tatu kwa sababu ya ukata. Benchi linaloegemea mfadhili mmoja huanguka naye. Kwa hiyo siombi mfadhili. Naomba tuwapange watu tulio nao.

Kendu Bay ina watu wa kutosha benchi moja la pamoja kwa shule zake kadhaa. Hospitali ya Waadventista ya Kendu ina chuo cha wauguzi. Wanafunzi wake wa miaka ya mwisho, chini ya usimamizi, wangeweza kukaa kando ya uwanja siku za mechi na kuwafunza walimu huduma ya kwanza. Chuo cha kiufundi cha Mawego kina karakana ambamo magoli, nguzo za wavu na vizuizi vya mbio vinaweza kuchomelewa. Wako wachezaji wa zamani katika vijiji vyote, wanaoketi kivulini wakikosoa timu kila Alhamisi. Wapewe barua, filimbi na kundi la watoto. Wapo walimu wa kike na akina mama wa kanisani na msikitini wanaoheshimiwa, ambao wazazi wangewaamini wasafiri na binti zao. Wanafunzi wa Hisabati wanaweza kupewa kazi ya kuhesabu pasi, mikimbio na dakika, na wale wa Kiswahili wakaandika ripoti ya kila mechi katika daftari litakalobaki shuleni mwalimu anapohamishwa.

Serikali nazo zina sehemu zao. Kaunti ya Homa Bay, yenye uwanja mpya, iandae humo kozi za leseni za mwanzo wakati wa likizo, na ilipe ada za walimu wa shule ndogo kabla ya mtu mwingine yeyote. TSC ihesabu saa za uwanjani katika mzigo wa kazi wa mwalimu, ili anayefunza timu apunguziwe vipindi badala ya kupongezwa kwa maneno. Na uhamisho wa kocha ungoje mwisho wa mwaka wa michezo, awepo wa kumrithi na daftari la kumkabidhi.

Kwa walimu wenzangu nina neno moja. Mkuu wa shule akikukabidhi timu kesho, usikatae, lakini kabla ya kupokea filimbi mwulize ni nani wengine watakaoketi nawe. Mwombe majina matatu: wa kutibu, wa kuandika na wa kulea. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hakuna aibu katika kulisema hilo mbele ya ubao wa matangazo. Nanyi wanafunzi, timu yenu ikishindwa msianze kwa kumzomea aliyesimama kando ya uwanja. Hesabuni kwanza waliopaswa kuwa pale pamoja naye, kisha mwulize bodi ya shule walikokwenda.